Kunadi vitu vya nyumbani mtandaoni: bei iliyopandishwa na mzigo uliovunjika njiani

SWALI: Assalaamu alaykum, Shekhe. Tumehamia nyumba ndogo na vitu vingi vimebaki bila kazi: cherehani, seti ya vyombo vya kaure, simu ya zamani na bangili ya dhahabu. Nimeanza kuviuza kwa mnada mtandaoni, ambako kila anayetaka huweka dau lake, na muda ukiisha aliyetaja bei kubwa ndiye anayepata, kisha mimi humtumia kwa msafirishaji niliyemchagua. Cherehani ilikwama kwenye bei ya chini, nikamwomba mdogo wangu aweke dau kwa akaunti yake ili bei ipande, na kweli ikapanda. Vyombo vimefika vikiwa vimevunjika, lakini nilikuwa nimeandika kwamba kikishauzwa hakirudishwi. Je, fedha hizi ni halali kwangu?

JIBU: Wa alaykumus-salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake.

Dada yetu, kwanza ondoa shaka juu ya mnada wenyewe. Kumuuzia anayezidisha bei kuna asili katika Sunna, na vitu vilivyonadiwa katika Hadithi iliyo mashuhuri ya mlango huu vilikuwa vitu vya nyumbani vilivyokwisha kutumika, kama vyako. Anas bin Malik (radhi za Allah ziwe juu yake) amesimulia kwamba mtu mmoja katika Answari, wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, alimjia Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) akiomba msaada, naye akamuuliza kama nyumbani kwake hamna kitu chochote. Akajibu kwamba lipo guo ambalo sehemu yake hujifunika na sehemu hulitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavishika mkononi, akauliza ni nani atakayevinunua. Mmoja akasema dirhamu 1. Akauliza tena, mara mbili au tatu, ni nani atakayezidisha, mpaka mwingine akatoa dirhamu 2 na akapewa yeye. Fedha akakabidhiwa mwenye vitu, anunue chakula kwa dirhamu moja na shoka kwa ya pili. Tirmidhi, mkusanyaji wa Hadithi, ameiita Hadithi hii hasan, yaani nzuri inayokubalika, ingawa baadhi ya wanazuoni wametia dosari isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Katika zama zetu, Majmaa wa Fiqhi ya Kiislamu wa Kimataifa, yaani baraza la wanazuoni wa sheria, uliukubali mnada katika kikao chake cha mwaka 1993 huko Brunei, baada ya kuwa umekwisha kukubali mwaka 1990 kwamba mkataba unaweza kufungwa kwa vyombo vya kisasa vya mawasiliano.

Wala mnada hauingii katika katazo la Mtume la mtu kuuza au kununua juu ya biashara ya ndugu yake, kwa sababu maadamu muda haujaisha hujamridhia yeyote. Lakini muda ukishafika na mshindi akajulikana, kisha mwingine akakuandikia faraghani kwamba ataongeza, hapo katazo linakushika barabara, na si halali kumwacha wa kwanza kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye cherehani, na hapa ndipo moyo wangu ulipofadhaika zaidi katika barua yako. Ulichokifanya na mdogo wako kina jina katika sheria: ni najshi, yaani mtu kuongeza bei ya kitu asichotaka kukinunua ili mwingine ahadaike. Ibn Umar (radhi za Allah ziwe juu yake na juu ya baba yake) amesema kwamba Mtume amekataza najshi, na Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Ibn Abi Awfa, ambaye ni Swahaba, alisema kwamba mwenye kufanya najshi ni mla riba na mwenye hiyana. Tazama ukali wa neno hilo, kisha utafakari sababu yake. Mnunuzi katika mnada huikisia thamani ya kitu kwa kuwatazama wenzake: akiona mwingine anakitaka kwa bei fulani, huamini kwamba kitu kinafaa bei hiyo. Sokoni angaliweza kumwona huyo mwenzake usoni, pengine hata akamtambua kwamba ni ndugu wa muuzaji. Mtandaoni anaona jina la akaunti tu. Kwa hiyo wewe na mdogo wako mmemtolea ushahidi wa uongo, naye akalipa kwa kuutegemea, na mdogo wako anashiriki dhambi hiyo hata kama hakupata chochote.

Kuhusu hukumu ya mauzo yenyewe, wanazuoni wengi wameona kwamba yamesihi pamoja na dhambi. Imam Malik amempa mnunuzi khiyari, yaani haki ya kuchagua, ya kurudisha, na wanazuoni wa Kihanbali wamempa pale anapokuwa amepunjwa kupita kiasi, ilhali kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba hana khiyari, kwa kuwa alizembea kuulizia. Mimi sioni kwamba uzembe huo unaweza kudaiwa kwa mtu ambaye hakuwa na njia yoyote ya kujua. Mwandikie umweleze ukweli, umpe hiari ya kurudisha cherehani na kuchukua fedha zake, au kubaki nayo ukimrudishia ziada iliyotokana na dau la mdogo wako. Najua ni uzito kukiri, lakini ile ziada ni haki ya mja, na toba ya haki ya mja haikamiliki kabla ya kuirudisha au kusamehewa na mwenyewe. Ukiogopa kitu kuuzwa kwa bei ya kutupa, njia ya halali iko wazi: tangaza tangu mwanzo bei ambayo hutauza chini yake.

Ama maneno yako kwamba kikishauzwa hakirudishwi, hayakukingi na kasoro unayoijua ukainyamazia. Imam Malik amepokea kwamba Abdullah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro yoyote, kisha mnunuzi akalalamika kwamba alikuwa na maradhi ambayo hakuelezwa. Walipofika kwa Khalifa Uthman bin Affan, akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipomuuza hakujua kwamba ana maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akarudishiwa mtumwa wake. Basi usiegemee sharti bali useme. Piga picha upande wenye mchubuko, andika kwamba cherehani huruka uzi ikiwa huruka, kwani mnunuzi hana jicho jingine ila lile unalompa. Mtume alipoingiza mkono katika lundo la chakula na kukuta unyevu chini yake, alimuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Vyombo vilivyovunjika ni jambo jingine kabisa, kwa sababu hapo tatizo si kasoro iliyofichwa bali ni kwamba mnunuzi hajakabidhiwa alichokinunua. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, kilichouzwa hubaki katika dhamana ya muuzaji mpaka kipokewe, na msafirishaji uliyemchagua na kumlipa wewe ni mkono wako. Basi hasara ni yako, nawe umrudishie bei yote, pamoja na gharama za kutuma kama alizilipa, kisha umdai msafirishaji ikiwa amezembea. Hukumu ingekuwa nyingine lau mnunuzi angemtuma msafirishaji wake mwenyewe aje kuchukua, kwa kuwa hapo mkono wa msafirishaji ni wake, isipokuwa vyombo viwe vimevunjika kwa sababu ulivifunga vibaya. Mtume alisema kuhusu matunda yaliyouzwa kisha yakapigwa na janga kwamba si halali kuchukua kitu kwa mnunuzi, akauliza: “Kwa haki gani unachukua mali ya ndugu yako?” Ameipokea Muslim. Na kwa kuwa nimezitaja gharama za kutuma, unaweza kuzikadiria kwa kiasi maalumu mkakubaliana, lakini usimwambie kwamba ndicho alichotoza msafirishaji ilhali umeongeza.

Simu iuze, ila ifute kwanza picha na mawasiliano yote, kwani humo mna sitara ya familia yako na siri za watu waliokuandikia wakikuamini.

Bangili ya dhahabu usiinadi kwa njia hii. Katika Hadithi ya Ubada bin Swamit, Mtume ameshurutisha dhahabu na fedha (yale madini) zibadilishwe mkono kwa mkono, na wanazuoni wa zama hizi wamezipa sarafu za leo hukumu hiyo hiyo. Bei inayolipwa leo na bangili kufika baada ya siku kadhaa ni kucheleweshwa kulikokatazwa. Mwuzie mtu mtakayekutana naye, umkabidhi bangili naye akukabidhi fedha zote kabla hamjaachana. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.