Msaada kabla mto haujafurika

SWALI: Shikamoo mhariri. Mama mdogo anaishi Beledweyne, Somalia. Mto Shabelle ukifurika, msaada hufika watu wameshakimbia. Kwa nini wasisaidiwe mapema? – Msomaji, Eastleigh, Nairobi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako linaniuma. Maji ya Shabelle hutoka nyanda za juu za Ethiopia, na mvua ya kule huchukua siku kadhaa kufika Beledweyne. Siku hizo zisipotezwe! Njia ipo: mashirika hupanga kabisa kwamba mto ukifikia kina fulani, fedha zilizotengwa zitoke bila kusubiri kikao. Mama mdogo apokee pesa kwa simu, akodi gari, ahamishe mbuzi na magunia ya mtama mapema.

Vita ndivyo vinavyokwamisha. Barabara zina vizuizi vya wenye silaha, na maeneo ya Al-Shabaab wahudumu wengi hawaingii. Kwa hiyo mimi naamini pesa za simu kuliko malori.

Kuchelewa huku si kwa mafuriko tu. Ukame wa 2011 nchini Somalia ulitabiriwa miezi mingi kabla, lakini fedha nyingi zilikuja baada ya njaa kutangazwa Julai. Watu wapatao 260,000 walikufa, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Haisameheki.

Mwambie mama mdogo aandikishe namba yake kwa kamati ya mtaa kabla mvua hazijaanza.