Oksijeni 96 kwenye kidole, mbona kidonda hakiponi?

Swali: Shikamoo dokta. Mama yangu ana kisukari, huu mwaka wa 14, na ana kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Wiki ya sita sasa hakionyeshi kupona. Kliniki walimpima presha ya mkono ikawa 130, ya kifundo cha mguu 200. Nyumbani nikambana kidole cha mguu na kile kifaa cha oksijeni tulichonunua wakati wa korona, kikasoma 96. Kwa akili yangu damu inafika tele. Mbona tumeambiwa turudi apimwe presha ya kidole? – Msomaji, Kiboriloni, Moshi

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Rudini, tena wiki hii. Namba zote mbili ulizonazo hazijajibu swali la kidonda, na hiyo 96 ndiyo inayowapoteza wengi.

Kibanio kile hupenyeza kidoleni mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha hupima jinsi damu inayodunda inavyoufyonza. Kinachokuambia ni asilimia ya himoglobini (kile kitu chekundu kwenye damu kinachosafirisha oksijeni) iliyobeba oksijeni, basi. Damu yenyewe ni nyingi au haba, hakisemi. Wewe wa Kiboriloni unaijua mifereji ya mlimani. Chota kikombe kule chini kabisa, maji yakiwa yanachuruzika kama uzi, utayakuta masafi vilevile. Lakini migomba imenyauka. Kidole cha mama kinaweza kusoma 96 huku kidonda kinakufa kiu.

Sasa ile 200. Ukigawanya presha ya kifundo kwa ya mkono unapata 1.54. Kwa kawaida jibu huwa kati ya 1.0 na 1.4, likiwa 0.9 au chini yake, tunajua ateri za mguu, yaani mishipa inayopeleka damu huko, zimeziba au kuwa nyembamba. Likizidi 1.4, msifurahi. Kisukari cha miaka mingi hujaza chokaa kwenye kuta za ateri mpaka zinakuwa kama bomba la chuma. Unajaza upepo kwenye mpira wa presha, unaongeza, na mshipa haubonyei. Hiyo 200 imepima ugumu wa mshipa, haikupima nguvu ya damu.

Ateri ndogo za vidole mara nyingi hunusurika na chokaa hicho, ndiyo maana daktari anataka kidole. Mama atalala chali. Atavalishwa kimpira chembamba kwenye shina la kidole, na mbele yake kitambuzi cha mwanga. Kwenye skrini utaona mawimbi madogo, moja kwa kila pigo la moyo. Kimpira kikijazwa, mawimbi yanalala. Kinalegezwa polepole, na pale wimbi la kwanza linaponyanyuka tena, hiyo ndiyo presha ya kidole. Hakuna sindano, hakuna kuchanjwa. Ikiwa milimita 60 za zebaki au zaidi, tunatiwa moyo. Chini ya 30, kidonda hakina matumaini makubwa bila mshipa kufunguliwa, na hapo daktari wa upasuaji hahitaji kungoja.

Jambo moja nakusihi sana. Baridi ya Julai hapa Moshi hubana mishipa ya ngozi, na kidole cha baridi husoma chini kuliko hali yake halisi. Mama avae soksi nzito njiani, na akifika mwombe apumzike amelala, amefunikwa blanketi, dakika kumi au zaidi kabla ya kupimwa. Ila msimkande kwa maji ya moto, wala msimsogeze miguu kwenye jiko la mkaa. Kisukari huua hisia za nyayo. Nimefunga vidonda vya moto vya watu ambao hawakujua kuwa wanaungua.

Kuna vipimo vingine vya ngozi. Kimoja ni elektrodi, yaani kitambuzi kidogo cha umeme, inayobandikwa karibu na kidonda, ikaipasha ngozi joto mpaka nyuzi 44 hivi, na kusoma oksijeni inayovuja kutoka kwenye kapilari, vile vimishipa vidogo kabisa vya damu. Mkipimiwa Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya bahari, napenda ilinganishwe na elektrodi ya pili kifuani, kwa kuwa hewa ya huko juu ni nyepesi. Kingine ni leza, inayofuatilia mwendo wa chembe nyekundu kwenye milimita moja hivi ya ngozi. Haikupi mililita za damu, hivyo inafaa zaidi kulinganisha kabla na baada ya tiba. Kwa mama, presha ya kidole inatosha kuanzia.

Omba namba za miguu yote miwili ziandikwe kwenye daftari lake la kliniki. Na usiku mwangalieni: akianza kuning'iniza mguu nje ya kitanda ili apate nafuu, au kidole kikibadilika rangi kuwa cheusi, au kidonda kikatoa harufu, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Asipolalamika maumivu, msitulie kwa hilo. Huenda hayasikii tu.