Wahanga, waathirika au waathiriwa wa mafuriko?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Baada ya Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kwenye ofisi ya kijiji chetu huku Kilwa palibandikwa tangazo: "Wahanga wa mafuriko waje kuandikisha majina." Mtu akakata "wahanga" kwa kalamu nyekundu, akaandika "waathiriwa". Mwenyekiti naye husema "waathirika". Tushike lipi?

JIBU: Marahaba. Nianze na lililokatwa. Mhanga ni kafara, ndiyo maana twasema fulani kajitoa mhanga. Mwenye godoro lililolowa hakujitoa wala hakutolewa na mtu. (Mhanga pia ni yule mnyama mchimba mashimo anayekula mchwa usiku, ila huyo hakuja kuandikishwa.) Najua magazeti yamelizoea, mimi ningeliacha.

Waathirika na waathiriwa wametoka kwenye kitenzi kimoja, athiri. Chukua kikombe. Ukisema "kimevunjika", habari imekwisha. Ukisema "kimevunjwa", msikilizaji anangoja: na nani? Kwa hiyo andika "kaya zilizoathiriwa na mafuriko", au "zilizoathirika kwa mafuriko". Ile "zilizoathirika na mafuriko" tunayoisikia redioni kila masika inachanganya mambo, maana ile -ik- ya athirika na vunjika haimkaribishi mtenda. Kalamu nyekundu ingefanya kazi hapo.

Kwenye neno la kumwita mtu mwenyewe sina ukali huo. Wanaotetea mwathiriwa hutaja mshtakiwa, mteuliwa na mfiwa, na hoja yao ina uzito. Kenya ndilo limeshika. Huku kwetu mwathirika limeota mizizi, na mama ambaye ufuta wake umelala matopeni hujiita hivyo bila kuuliza mtu. Mwenyekiti hajakosea.

Kinachonisumbua ni neno ambalo halikuandikwa kabisa: manusura. Lina asili moja na nusura, kama katika "nusura azame", na halibadiliki, awe mmoja au mia. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilipokatika pale Somanga, abiria waliokwama walikuwa waathirika. Manusura ni aliyechukuliwa na maji akaopolewa. Kwenye daftari la kijiji hao wapewe safu mbili. Manusura anaweza kuwa nyumba yake haikuingia hata tone. Huyo hahitaji godoro, anahitaji kufikishwa zahanati.