Sindano ya kingamwili, mbona wanataka kupima moyo wa mama?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, alikatwa titi kwa ajili ya kansa, akapigwa kemo ile nyekundu inayobadilisha hadi rangi ya mkojo, sasa wanasema kansa yake ni HER2 pozitivu kwahiyo aanze trastuzumabu, dripu kila wiki tatu mwaka mzima. Dada kasoma mtandaoni kwamba hiyo ni kingamwili sio kemo, haina madhara, ni kama chanjo tu. Sasa mbona wanataka eko ya moyo kwanza, ile picha ya mawimbi ya sauti? Mama hana presha wala nini, na eko ni hela nyingine. Tunaweza kuiruka?
Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Eko msiiruke, bora mbane kwingine.

Dada yako kapatia nusu. Kweli sio kemo. Kemo inapiga kila seli inayogawanyika haraka, ndo maana nywele zinaondoka, wakati hii ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ishike kitu kimoja tu, HER2, ambayo imejaa kwenye ngozi ya seli za kansa ya mama na ndo inaziamrisha zikue. Ikishikwa amri inazimwa, alafu askari wa mwili nao wanaiona hiyo seli na kuishambulia. Ni kama mgonjwa mmoja kati ya watano wa kansa ya titi ndo ana HER2 nyingi hivo, wengine dawa hii haiwasaidii kitu. Ila chanjo sio. Chanjo inaufundisha mwili utengeneze kingamwili zake wenyewe, hii unaletewa iliyo tayari na baada ya muda inaisha mwilini, ndo maana ya kurudi kila wiki tatu.

Sasa hilo la kwamba haina madhara ndo linaponisumbua, manake watu wakisikia dawa inalenga wanadhani haikosei. HER2 ipo pia kwenye misuli ya moyo, kidogo, moyo unaitumia kujikarabati ukipata msukosuko, na mama yako msukosuko keshaupata tayari maana ile dawa nyekundu yenyewe inaumiza moyo, halafu unakuja juu yake unazima hicho cha kukarabati. Kwahiyo kutokuwa na presha hakutoshi. Eko inapigwa kabla ya kuanza na kila baada ya miezi mitatu hivi, na namba ya kuuliza ni asilimia ya damu ambayo moyo unasukuma kwa kila pigo, wengi wazima wako 55 kwenda juu. Ikishuka kwa pointi 10 na zaidi halafu ikawa chini ya 50, dripu inasimamishwa kwanza. Habari njema ni kwamba dawa ikisimama moyo mara nyingi unarudi, tofauti na uharibifu wa ile nyekundu. Nyumbani angalieni miguu kuvimba, kuhema akitembea kidogo, au akianza kuhitaji mito mitatu ndo alale.

Dripu ya kwanza inaenda dakika 90, anaweza kushikwa na homa na kutetemeka, waambieni manesi hapohapo wapunguze kasi. Zinazofuata kama hakuna shida zinashuka mpaka nusu saa.

Na kuhusu hela: hii dawa iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2015, na Desemba 2019 WHO ilipitisha toleo la kwanza la bei nafuu, zile baiosimila, kwahiyo mkipewa hiyo badala ya Herceptin, ile trastuzumabu ya kampuni ya mwanzo, msigome. Cha kugomea ni kichupa kilicholetwa na mtu kwenye begi, inatakiwa ikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8 safari nzima. Na someni jina lote! Kuna nyingine inaitwa trastuzumabu emtansini, hiyo imefungwa sumu ya kemo ndani yake, dozi yake ni miligramu 3.6 kwa kilo wakati ya mama ni 8 ya kwanza halafu 6. Wakikosea wakampa moja badala ya nyingine ni hatari kabisa.

SWALI: Daktari, nina ugonjwa wa kukakamaa uti wa mgongo, wataka kunianzishia sindano za adalimumabu lakini eti nipimwe TB kwanza. Mimi sikohoi. Ami yangu aliwahi kuugua TB tukiishi nyumba moja, ila ni zamani.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hiyo ya ami ndo sababu yenyewe, mwambie daktari wako. TB inaweza kulala mwilini miaka bila kikohozi, kinga ya mwili imeizungushia ukuta, na ukuta huo unashikiliwa na protini inayoitwa TNF, ambayo ndo adalimumabu, nayo ni kingamwili ya maabara, inaizima. Ukizima bila kupima, TB inaamka, na kwa watu wa dawa hizi mara nyingi inatokea nje ya mapafu, kwahiyo kikohozi usikisubiri. Picha ya kifua na kipimo cha ngozi au damu, pamoja na hepataitisi B. Ikionekana imelala utaanza vidonge vya kuikinga kwanza, kwa kawaida mwezi mmoja hivi kabla ya sindano. Na kama una safari ya nchi inayodai homa ya manjano, chanjo hiyo ni hai, ipate wiki nne kabla ya kuanza manake ukishaanza hawatakuchoma.