Kilo 20 kabla ya harusi

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 43. Mwezi uliopita walikuja wahudumu wa afya sokoni wakatupima: nina kilo 94, presha 148 kwa 92. Mdogo wangu anaolewa baada ya miezi mitatu, nikapanga nipungue kilo 20. Nikaanza jogging ya alfajiri, nikaacha kula usiku, na jirani akaniuzia chai ya kupunguza mwili. Magoti yameuma nikaacha jogging, njaa inaninyima usingizi, na chai inanishindisha chooni. Kutwa nakaa kwenye cherehani, nakunywa soda mbili, na jioni narudi kwa bodaboda ingawa kwa miguu ni kama nusu saa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo chai iache leo. Nyingi za aina hiyo huwa na sanamaki, majani ya kuharisha, ndiyo maana unaharisha. Unachopoteza ni maji, na ukinywa maji kilo zinarudi. Chakula cha usiku nacho kirudishe: kula mapema, ugali nusu ya uliouzoea, matembele au mchicha ujaze sahani, na maharage au samaki pembeni. Chumvi punguza tangu jikoni.

Kilo 20 kwa miezi mitatu ni zaidi ya kilo moja na nusu kila wiki. Mwili huimudu nusu kilo hadi kilo moja, na zipo wiki mzani hausogei kabisa. Tuanze na kilo tano. Najua unaziona chache ukifikiria gauni la harusi, lakini kwa uzito wako hizo ni zaidi kidogo ya asilimia 5, na kiasi hicho kinatosha kuanza kushusha presha. Mimi presha yako ndiyo inayoninyima raha, gauni utalishona mwenyewe likukae.

Tena, kilo huwezi kuziamuru. Unachoweza kuamua ni unachokunywa na unakopita. Kwa hiyo jipangie mambo mawili tu.

Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, kama vijiko tisa vya chai, nawe unakunywa mbili. Usiape kuziacha zote kesho. Joto la kibandani saa nane mchana nalijua. Ondoa ya asubuhi kwanza, chupa ya maji ikae hapo hapo kwenye meza ya cherehani. Baada ya wiki mbili ondoa na ya mchana.

Jioni vaa raba, rudi kwa miguu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tembea kwa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Magoti yakizoea, fanya siku tano: hizo ni dakika 150, kiwango cha chini kwa wiki ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima. Mvua ikinyesha panda bodaboda bila kujilaumu, utembee kesho yake.

Futi unayo shingoni kutwa nzima. Mara moja kwa mwezi jipime kiuno, uandike kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wako peke yako. Kiuno mara nyingi hupungua hata pale mzani unapogoma.

Presha ya kupimwa siku moja sokoni haitoshi kusema una ugonjwa. Nenda kituo cha afya wiki hii, kaa umetulia dakika tano kabla ya kupimwa, usiwe umetoka kunywa kahawa. Ikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi, daktari atakupangia, na ukipewa dawa usiziache kwa sababu tu unajisikia mzima au umepungua. Kifua kikikubana, kichwa kikauma sana au macho yakaona ukungu, usisubiri siku ya kliniki, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ukishapimwa niandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini.