Udumavu penye ghala la mahindi, na chanjo inayovuka asilimia 100: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii ni mengi kwa sababu halmashauri ziko kwenye bajeti, na kila mtu ghafla anatafuta takwimu. Nimechagua manane. Yanayojirudia nitayajibu kwa mkato.

*Mimi ni diwani, mkoa wa Njombe. Tunalima mahindi, viazi na maharage hadi tunalisha mikoa mingine. Kila kikao cha mkoa tunaambiwa tunaongoza kwa watoto waliodumaa. Wananchi wangu hawakubali, hata mimi sikubali. Hizo takwimu zimetoka wapi?*

Mheshimiwa, takwimu ni za kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa 57, Njombe 50, Rukwa 50. Hakuna aliyekuja kuhesabu magunia yenu. Walipima urefu wa mtoto, wakaulinganisha na umri wake. Tumbo likijaa ugali mtoto hulala vizuri, lakini mwili hauna cha kujengea mfupa.

Ingia nyumba moja wakati wa palizi. Mama ametoka alfajiri, shamba liko mbali. Mtoto wa miezi kumi amebaki na dada yake wa miaka minane. Uji ni wa mahindi matupu, umepikwa asubuhi, umepoa kwenye sufuria, na saa nane mchana anapewa huo huo. Mayai yameuzwa, maziwa yamechukuliwa na mnunuzi, maharage yanasubiri bei ipande. Jioni mama anarudi amechoka, ana kuni kichwani na chakula cha watu sita cha kupika. Mtoto huyo halii njaa, ndiyo maana mzazi akiambiwa amedumaa anaona ametukanwa.

Ukiyaona hayo utajua kwamba semina ya siku mbili yenye vipeperushi haitabadili kitu. Halmashauri ziliagizwa kutenga Sh 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Uliza kwenye baraza lako: zilitoka ngapi, na zilinunua nini? Ukikuta ni mafuta ya gari na posho za wajumbe, simama useme. Mimi ningeanza na mahali pa kulelea watoto karibu na mashamba miezi ya palizi, penye uji wenye karanga, maziwa au dagaa.

Tahadhari moja. Asilimia 50 ni ya mkoa. Sampuli ya utafiti ule inatosha kuusemea mkoa, haitoshi kutenganisha wilaya za Makete na Ludewa, sembuse kata yako na ya jirani. Atakayekwambia kata yako ina udumavu wa asilimia 50 kwa sababu mkoa una 50, anabahatisha. Nenda zahanati siku ya kliniki. Utaona mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, uzito unaandikwa kwenye kadi, anayefuata. Ubao wa kupimia urefu utaukuta nyuma ya mlango umeshika vumbi, kama upo. Omba utumike miezi mitatu mfululizo, aliye chini ya miaka miwili apimwe akiwa amelazwa, na umri utoke kwenye kadi badala ya kukisiwa. Na wasikuletee majibu ya utepe wa mkononi ule wenye nyekundu, njano na kijani. Utepe unaonyesha utapiamlo mkali wa sasa hivi. Udumavu hauuoni.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naomba unitumie takwimu zote za wilaya yangu kwa ajili ya utafiti wangu.*

Hukutaja wilaya, hukutaja unachotafiti. Idadi ya watu hadi ngazi ya kata, kwa umri na jinsi, iko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, bure. Anza na swali, ndipo utafute takwimu.

*Wilaya yetu imepongezwa kwa chanjo ya surua kufikia zaidi ya asilimia 100. Inawezekanaje? Na kama tumevuka 100, kwa nini surua bado ipo?*

Haiwezekani, na pongezi hizo ni hatari. Asilimia hupatikana kwa kugawanya watoto waliochanjwa kwa watoto waliotarajiwa. Wanaotarajiwa ni makadirio yanayotokana na sensa. Makadirio yakiwa madogo kuliko watoto waliopo, jibu linavuka 100 hata kama vitongoji vizima havijafikiwa. Mara nyingine watoto wa wilaya jirani wanachanjwa kwenu kwa sababu zahanati yenu iko karibu nao. Mara nyingine ni kuhesabu vibaya tu.

Hili nimeliona kwa macho. Nilipokuwa kwenye ofisi ya mipango ya halmashauri moja, tulirudi kwenye rejista za zahanati kwa sababu ripoti ilivuka 100 miezi minne mfululizo. Muuguzi alikuwa peke yake. Mchana anazalisha na kutibu, usiku wa mwisho wa mwezi anajaza fomu za MTUHA, ule mfumo wa taarifa za huduma za afya, kwa taa ya simu. Kwenye ukurasa mmoja dozi ya kwanza na ya pili ya surua zilikuwa zimejumlishwa pamoja. Juu yake ripoti ilikuwa na sahihi tatu na mhuri, na hakuna hata mmoja kati ya waliosaini aliyeuliza. Yule muuguzi simlaumu. Nawalaumu waliopokea ripoti kila mwezi bila kumrudishia hata neno moja. Anayejaza fomu isiyosomwa na mtu ataijaza ilimradi ijae.

*Afisa wetu bado anatumia idadi ya sensa ya 2012 kupanga madarasa. Ni sahihi?*

Si sahihi. Mkoa wa Geita ulikuwa na watu 1,739,530 mwaka 2012. Sensa ya Agosti 2022 ilikuta 2,977,608. Mpangie mtoto wa Geita dawati kwa idadi ya 2012, ataketi sakafuni.

*Mimi ni mtendaji wa kijiji. Mnatuhubiria takwimu kila siku. Hapa hakuna dawa wala fedha. Takwimu zitatibu nani?*

Ndugu mtendaji, swali lako lina uchungu na ninauelewa. Nikueleze yaliyotokea Rufiji na Morogoro Vijijini, hapa hapa nchini, kuanzia katikati ya miaka ya 1990.

Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada la IDRC iliuliza swali rahisi: wilaya ikijua kinachoua watu wake, na ikapanga fedha kwa kufuata hilo, vifo vitapungua? Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba, wakarudi tena na tena mwaka mzima, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Palipokuwa na msiba waliketi na wafiwa baada ya muda wa heshima, wakauliza dalili: homa ilianza lini, alikohoa, aliharisha, alipumua kwa shida? Watu wengi walifia nyumbani, kwa hiyo rejista za hospitali zisingewaona kamwe.

Kisha wakaweka michoro miwili pamoja, mmoja wa magonjwa na mmoja wa bajeti. Morogoro, malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea (miaka ambayo watu wangeishi kama wasingekufa mapema), na kwenye bajeti ya 1996 ilipewa asilimia 5. Kifua kikuu kilichangia chini ya asilimia 4 ya hasara hiyo na kilipewa 22. Hakuna mwizi aliyefanya hivyo. Bajeti ilinakiliwa mwaka hadi mwaka, na mradi uliokuja na fedha zake ulivuta upande wake.

Timu za afya za wilaya zikapewa michoro hiyo, mafunzo, na nyongeza ndogo ya fedha, wastani wa senti 80 za dola kwa mtu kwa mwaka. Wakaelekeza nguvu kwenye vyandarua vyenye dawa na kwenye kumtibu mtoto kwa ujumla wake, mhudumu akiangalia homa, kifua, kuharisha na lishe kwa pamoja. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila vizazi hai 1,000 kati ya 1999 na 2000.

Sisemi takwimu peke yake zilifanya hayo. Bila ile nyongeza, bila dawa kufika, michoro ingebaki ukutani. Lakini fedha zile zile zikiendelea kugawanywa kwa mazoea, watoto wale wangekufa. Wewe huna michoro, una daftari. Andika kila kifo kijijini kwako: umri, mwezi, na wafiwa walivyosema. Baada ya mwaka mmoja lipeleke kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Halafu niandikie tena.

*Utafiti uliofanyika Kenya tunaweza kuutumia Mwanza, au kila kitu lazima kipimwe upya?*

Inategemea unachokichukua. Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 ambako wanafunzi walipewa dawa za minyoo. Waliripoti utoro ulipungua kwa kama robo, na hata majirani ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa sababu maambukizi yalishuka. Wataalamu wengine walirudia hesabu na kupinga sehemu yake, jambo zuri. Minyoo na kichocho haviulizi pasipoti: Ukerewe ya Mwanza na Busia vinatumia ziwa moja, la Victoria, watoto wanaoga na kuchota maji pale pale. Kwa Mwanza utafiti ule una maana kubwa. Kuupeleka nyanda za juu zenye baridi ambako mzigo wa minyoo ni tofauti, bila kupima kwanza, ni kupoteza fedha. Uliza kila mara: kilichosababisha matokeo kule, huku kipo?

*Nimeomba taarifa za mapato na matumizi ya kata, nimeambiwa ni siri.*

Si siri. Omba kwa maandishi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotaka ujibiwe ndani ya siku 30. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

*Kikundi chetu cha vijana kimezunguka kuhesabu visima vibovu vya wilaya. Idadi yetu imezidi ya halmashauri. Tunaogopa kuitoa, tumesikia ni kosa la jinai.*

Hofu yenu ina chanzo. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuchapisha takwimu zinazopinga za serikali kuwa kosa. Jinai hiyo iliondolewa mwaka 2019. Marekebisho yale ya kwanza yalinikera sana, maana serikali isiyosahihishwa na wananchi wake inapanga ikiwa gizani. Bado fuateni utaratibu, na anzeni kwa kupeleka orodha yenu kwa mhandisi wa maji wa wilaya. Mpelekeeni majina ya visima na vitongoji vyake, msimpelekee jumla tupu, ili aweze kwenda kuhakiki kimoja kimoja. Elezeni pia "kibovu" kwenu ni nini: pampu imekufa, maji yamekauka, au yana chumvi? Huenda tofauti yenu yote iko hapo. Na kila kisima kiwe na tarehe mliyokitembelea, kwa sababu kisima kilichokauka Oktoba kinaweza kuwa kinatoa maji Aprili.