Jibu: Taa ya injini imewaka baada ya kujaza mafuta
Habari ndugu. Umeeleza kwamba taa ya injini iliwaka siku moja baada ya kujaza petroli, ilhali gari linakwenda vizuri. Anza na kifuniko cha tangi: changu kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye mpira wake, mvuke ukavuja, na kompyuta ya gari ikaandika kosa P0455, yaani namba ya uvujaji wa mvuke wa petroli. Nilikibadilisha, na taa ikazimika yenyewe baada ya siku chache za kuendesha.

Kifuniko chako kikiwa kizima, usibadilishe kipuri kwa kubahatisha. Soma kosa kwa mashine kupitia soketi iliyo chini ya dashibodi, kwani P0300 (silinda kushindwa kuunguza petroli sawasawa), kwa mfano, hutaka plagi na koili zikaguliwe kwanza. Taa ikianza kuwaka na kuzima mfululizo, tafadhali simamisha gari, maana petroli isiyoungua huharibu kisafisha moshi kilichomo kwenye eksozi.